Hardy Cross

Hardy Cross (1885 – 11 Februari 1959) alikuwa mhandisi wa ujenzi na profesa kutoka Marekani. Anajulikana hasa kwa njia mbili za ukokotoaji zinazofundishwa hadi leo katika vyuo vya uhandisi duniani. Ya kwanza ni njia ya kugawa momenti, inayotumika kwa fremu za majengo na boriti zinazopita juu ya nguzo nyingi. Ya pili ni njia ya kukokotoa mtiririko wa maji katika mitandao ya mabomba, ambayo wahandisi wa maji huiita kwa jina lake.

Njia zote mbili zilitolewa kabla ya kuwepo kwa kompyuta na zilifanywa kwa penseli na karatasi. Kwa takriban miaka thelathini tangu 1930, ofisi nyingi za uhandisi zilipima nguvu za fremu za zege kwa njia yake kuliko kwa njia nyingine yoyote.

Maisha ya awali na elimu

Cross alizaliwa katika kaunti ya Nansemond, jimbo la Virginia, katika familia ya mkulima mwenye mashamba. Eneo hilo leo ni sehemu ya mji wa Suffolk. Kaka yake, Tom Peete Cross, alikuwa mtaalamu wa fasihi ya Kikelti katika Chuo Kikuu cha Chicago.

Hardy naye alianzia upande wa lugha. Alisoma katika Chuo cha Hampden-Sydney huko Virginia akapata shahada ya sanaa mwaka 1902, akiwa na umri wa miaka 17, na shahada ya sayansi mwaka uliofuata. Kisha alifundisha katika shule ya Norfolk Academy. Masomo yake ya lugha hayakupotea bure: maandishi yake ya uhandisi ni mafupi, yana sentensi zinazoeleweka, na milinganyo ndani yake ni michache kuliko ilivyokuwa desturi ya wakati wake.

Baadaye alijiunga na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, akahitimu uhandisi wa ujenzi mwaka 1908. Alifanya kazi katika idara ya madaraja ya kampuni ya reli ya Missouri Pacific mjini St. Louis, akarudi kufundisha Norfolk, kisha akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1911. Kuanzia mwaka huo alifundisha katika Chuo Kikuu cha Brown hadi mwaka 1918, halafu akafanya kazi ya uhandisi nje ya chuo kwa miaka michache.

Mwaka 1921 aliitwa na Chuo Kikuu cha Illinois, mjini Urbana, kuwa profesa wa uhandisi wa miundo. Alikaa huko hadi 1937, na karibu kila kitu kinachomfanya akumbukwe kilitoka katika miaka hiyo kumi na sita.

Tatizo lililokuwepo

Ili kuelewa alichofanya Cross ni lazima kwanza kuelewa ugumu waliokuwa nao wahandisi wa wakati wake.

Ubao ukiwekwa juu ya mawe mawili na mtu akasimama juu yake, ni rahisi kujua kila jiwe linabeba uzito gani. Kanuni ya mizani inatosha. Lakini likiongezwa jiwe la tatu katikati, kanuni hiyo peke yake haitoshi tena. Mzigo wa kila jiwe sasa unategemea jinsi ubao unavyopinda, yaani unene wake, urefu wa kila nafasi na aina ya mti. Miundo ya namna hii haiwezi kukokotolewa kwa usawa wa nguvu pekee. Ni lazima kupinda kwake nako kuhesabiwe.

Katika majengo na madaraja ya zamani tatizo hili liliweza kukwepwa. Boriti za mbao au chuma ziliegeshwa juu ya kuta au nguzo, kila moja peke yake. Zege lenye nondo, lililoenea sana mwanzoni mwa karne ya 20, lilibadilisha mambo. Zege humwagwa likiwa laini, na likikauka, boriti, sakafu na nguzo huwa kitu kimoja. Mzigo ukiwekwa katika chumba kimoja, viungo vinazunguka kidogo na athari yake inasambaa hadi katika boriti na nguzo za jirani.

Nadharia ya kulikokotoa jambo hilo ilikuwepo. Njia iliyotumika sana Marekani ilichapishwa na George A. Maney mwaka 1915: kila kiungo cha jengo hupewa mlinganyo wake, kisha milinganyo yote hutatuliwa kwa pamoja. Kwenye karatasi ni njia safi kabisa. Katika ofisi ilikuwa balaa. Jengo la ghorofa kumi lenye mistari minne ya nguzo lina viungo 40 katika fremu moja tu, yaani milinganyo 40 au zaidi inayotegemeana. Na kazi haiongezeki kwa kadiri ya idadi ya milinganyo: ikiongezeka mara mbili, jasho linaongezeka karibu mara nane. Kosa moja la kujumlisha mwanzoni huharibu kila kinachofuata, na mkokotoaji hana dalili ya kumwonyesha alipokosea.

Kwa hiyo wahandisi walitumia makadirio. Walichukua namba za jumla kutoka vitabuni, au walikokotoa kila boriti kana kwamba imesimama peke yake, halafu wakaongeza zege na nondo kwa tahadhari. Tahadhari hiyo iligharimu fedha, na wakati mwingine iliwekwa mahali pasipohitajika huku mahali penye hatari pakiachwa.

Njia ya kugawa momenti

Mnamo Mei 1930 Cross alichapisha makala ya kurasa kumi hivi katika jarida la Chama cha Wahandisi wa Ujenzi wa Marekani. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo alikuwa tayari akiwafundisha wanafunzi wake wa Illinois jambo hilohilo.

Wazo lake halikuhitaji kutatua milinganyo yote kwa pamoja. Mkokotoaji huanza kwa kudhani kwamba viungo vyote vya jengo vimefungwa, haviwezi kuzunguka. Katika hali hiyo momenti kwenye ncha za kila boriti hupatikana kwa kanuni rahisi. Bila shaka momenti hizo hazilingani pale boriti zinapokutana, maana kufungwa kwenyewe ni kwa kudhani tu. Hapo anafungua kiungo kimoja. Kiungo kinazunguka hadi kitulie, na tofauti iliyokuwepo inagawanywa kwa boriti na nguzo zinazokutana hapo, kila moja ikichukua kadiri ya ukakamavu wake: iliyo fupi na nene huchukua zaidi. Nusu ya kile kilichochukuliwa huhamia kwenye ncha ya mbali ya boriti hiyohiyo. Kisha kiungo hufungwa tena, na mkokotoaji anahamia kwenye kiungo kinachofuata. Akimaliza vyote anarudia. Kila mzunguko tofauti zinazobaki huwa ndogo zaidi, na anaacha zikiwa ndogo kiasi cha kutojali.

Mfano mdogo unaonyesha jinsi inavyokwenda. Tuseme boriti moja ina nafasi mbili za mita 6 kila moja. Ncha zake mbili za nje zimeshikwa imara ukutani, na katikati inakaa juu ya nguzo bila kushikwa. Nafasi ya kushoto ina mzigo wa kilonyutoni 20 kwa kila mita, ya kulia ina 10. Viungo vikifungwa, momenti kwenye kila ncha ni mzigo mara mraba wa urefu, gawanya kwa 12. Upande wa kushoto unapata 60 na wa kulia 30. Juu ya nguzo ya katikati pana tofauti ya 30. Kwa kuwa nafasi mbili zina ukakamavu sawa, kila moja inachukua 15, na pande zote mbili za nguzo zinakuwa na 45. Nusu ya 15, yaani 7.5, inahamia kila ncha ya nje: ya kushoto inapanda kutoka 60 hadi 67.5, na ya kulia inashuka kutoka 30 hadi 22.5. Kazi imekwisha. Kwa boriti hii yenye kiungo kimoja tu cha kufunguliwa, jibu ni kamili, si la kukadiria.

Kwenye jengo kubwa hesabu ni zilezile, ila zinarudiwa mara nyingi. Zote ni kujumlisha, kutoa na kugawa. Uzuri mwingine ni kwamba kosa likitokea katikati ya kugawa huonekana mwishoni, kwa sababu momenti kwenye kiungo hazitalingana, na linaweza kusahihishwa kwa kuendelea kugawa bila kuanza upya. Mkokotoaji pia anaona, hatua kwa hatua, jinsi mzigo wa chumba kimoja unavyosafiri ndani ya jengo na kufifia kadiri unavyokwenda mbali. Jambo hili la mwisho Cross alilithamini kuliko jibu lenyewe.

Njia ina mipaka. Kama fremu inaweza kuyumba upande, kwa mfano kwa nguvu ya upepo, kugawa momenti peke yake hakutoshi. Inabidi kuongeza hatua nyingine ya kukokotoa myumbo huo kisha kujumlisha. Kwa jengo la ghorofa nyingi hatua hiyo nayo huwa ndefu.

Mapokezi

Jarida liliacha mjadala wa makala hiyo wazi kwa muda mrefu. Ilipochapishwa tena mwaka 1932 katika juzuu la mwaka la chama, wahandisi 38 walikuwa wametoa maoni, na maoni hayo yalijaza kurasa 146 baada ya makala ya kurasa kumi. Wengine walisifu, wengine walipendekeza njia za mkato, na wachache walitaka uthibitisho zaidi wa kihisabati. Mwaka 1933 Cross alipewa Nishani ya Norman, mojawapo ya tuzo kubwa za chama hicho.

Si kila kitu kilikuwa kipya. Konstantin Čališev, mhandisi aliyefanya kazi Zagreb, alikuwa amechapisha njia inayofanana mwanzoni mwa miaka ya 1920, naye akienda kwa kurudia hatua badala ya kutatua milinganyo yote mara moja. Lakini Čališev alikokotoa mizunguko ya viungo kwanza, kisha akarudi kwenye momenti. Cross alifanya kazi na momenti moja kwa moja, ambazo ndizo mhandisi anazihitaji ili kupanga nondo, na hiyo ndiyo sababu ya njia yake kuenea. Nchini Uingereza, Richard Southwell alichapisha mwaka 1935 njia pana zaidi ya aina hiyo, yenye kulegeza vizuizi kimoja baada ya kingine. Wanahisabati waliona baadaye kwamba zote hizi ni ndugu wa mbinu za kutatua milinganyo kwa kurudiarudia zilizojulikana tangu karne ya 19. Cross hakuanzia huko. Alianzia kwenye picha ya jengo linalopinda.

Mwaka huohuo wa 1932 alitoa, pamoja na Newlin D. Morgan, kitabu kuhusu fremu za zege lenye nondo, ambacho kiliibeba njia hiyo hadi katika madarasa na ofisi.

Mitandao ya mabomba

Mwaka 1936 Cross alichapisha, kupitia kituo cha utafiti wa uhandisi cha Chuo Kikuu cha Illinois, kijitabu namba 286 kuhusu mtiririko katika mitandao ya mabomba. Tatizo lina sura ileile. Mji ukiwa na bomba moja kutoka tangi hadi mtaa, ni rahisi kujua maji kiasi gani yanapita. Lakini mabomba ya mji huunganishwa kama wavu, ili bomba moja likipasuka watu wapate maji kwa njia nyingine. Hapo haijulikani mapema maji yatapita upande gani, wala kwa wingi gani.

Sheria mbili lazima zitimizwe. Kwenye kila njiapanda, maji yanayoingia lazima yalingane na yanayotoka. Na ukizunguka kitanzi chochote cha mabomba hadi uliporudi ulipoanza, presha iliyopotea njiani lazima ijumlishwe kuwa sifuri. Ugumu ni kwamba upotevu wa presha hauendi sambamba na wingi wa maji: maji yakiongezeka mara mbili, upotevu unaongezeka karibu mara nne. Milinganyo ya aina hii haina njia ya moja kwa moja ya kuitatua.

Cross alipendekeza kuanza na makisio yoyote yanayotimiza sheria ya kwanza. Kisha kila kitanzi hukaguliwa. Kama presha haijumlishi sifuri, kuna fomula fupi inayotoa kiasi cha maji cha kuongeza au kupunguza kuzunguka kitanzi chote, na kwa kuwa marekebisho yanazunguka, sheria ya kwanza haivunjiki. Vitanzi hurekebishwa kimoja baada ya kingine hadi masahihisho yawe madogo. Makisio ya mwanzo yakiwa mabaya sana kazi huenda polepole, na mitandao mikubwa iliwachosha watu kweli. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza ofisi ya kawaida ya maji ya mji iliweza kujua kabla ya kuchimba mtaro kama nyumba za mlimani zitapata presha.

Mwalimu

Cross hakuandika sana. Kwa profesa mwenye jina lake, orodha ya machapisho yake ni fupi, na jambo hilo lilimletea matatizo. Inasimuliwa kwamba mkuu wa kitivo huko Illinois hakuridhika na uchache wa machapisho hayo, na uhusiano wao ulikuwa mgumu kwa miaka mingi. Makala ya 1930 inahesabiwa na baadhi ya waandishi wa historia ya uhandisi kuwa sehemu ya jibu lake. Kama ndivyo, ni jibu la kurasa kumi lililotosha.

Darasani alikuwa mkali. Alimwita mwanafunzi ubaoni, akataka kwanza mchoro wa jinsi muundo utakavyopinda, kabla ya namba yoyote kuandikwa. Asiyeweza kuchora mpindo, kwa maoni ya Cross, hakuwa ameelewa tatizo, hata kama jibu lake lilikuwa sahihi. Masikio yake hayakusikia vizuri, na wanafunzi walilazimika kusema majibu yao kwa sauti na kwa uwazi mbele ya wote.

Alikuwa na shaka na usahihi wa kujidai. Mzigo wa watu na samani ndani ya jengo hukadiriwa, nguvu ya zege hutofautiana kati ya mchanganyiko mmoja na mwingine, na udongo chini ya msingi hujulikana kwa sehemu tu. Kwa hiyo kukokotoa momenti hadi desimali nne alikuona ni kupoteza muda. Njia yake ilimruhusu mhandisi kusimama baada ya mizunguko miwili ikiwa hiyo inatosha kwa uamuzi anaotaka kufanya. Uhuru huo wa kujua wakati wa kuacha ndio aliotaka kuufundisha, na ndio sehemu ya kazi yake inayosahaulika kwa urahisi zaidi pale njia inapofundishwa kama jedwali la kujaza kwa ajili ya mtihani.

Mwaka 1937 alihamia Chuo Kikuu cha Yale kuwa mkuu wa idara ya uhandisi wa ujenzi, akabaki huko hadi alipostaafu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1944 alipata Nishani ya Lamme, inayotolewa kwa walimu wa uhandisi.

Wanafunzi wake na kompyuta

Mmoja wa wanafunzi wa Cross huko Illinois alikuwa Nathan Newmark, aliyepata shahada ya uzamivu mwaka 1934. Newmark aliendelea na tabia ya mwalimu wake ya kukokotoa kwa hatua zinazorudiwa, ila aliipeleka kwenye majengo yanayotikiswa. Njia yake ya mwaka 1959, ya kufuata mtikisiko wa jengo sekunde kwa sekunde wakati wa tetemeko, bado imo ndani ya programu za leo. Newmark alikuwa mshauri wa jengo refu la Torre Latinoamericana katika Jiji la Mexico, lililokamilika 1956 na kuhimili tetemeko la 1957.

Newmark ndiye pia aliyeongoza maabara ya kompyuta ya Illinois kuanzia mwaka 1947. Huko ilijengwa kompyuta ya ILLIAC, iliyoanza kazi mwaka 1952. Mashine za namna hiyo ndizo zilizoiondoa njia ya Cross ofisini. Milinganyo 40 haikuwa kitu kwao, na baadaye hata milinganyo 40,000. Mwaka 1956 Turner, Clough, Martin na Topp walichapisha makala kuhusu kugawa umbo lolote katika vipande vidogo na kuunganisha ukakamavu wake, na mwaka 1960 Ray Clough aliipa njia hiyo jina inalojulikana nalo, kwa kifupi FEM. Kufikia miaka ya 1970 fremu kubwa hazikukokotolewa tena kwa mkono mahali palipokuwa na kompyuta.

Mahali pasipokuwa nayo, njia ya Cross ilidumu zaidi. Madarasa ya nadharia ya miundo bado huifundisha, Afrika Mashariki pia, kwa sababu ni rahisi kuikagua kwa kalamu, na kwa sababu mhandisi anayesoma matokeo ya programu anahitaji namna ya kujua kama yanaingia akilini. Kwa upande wa maji, programu ya EPANET, iliyotolewa na shirika la serikali ya Marekani la mazingira mwaka 1993 na kutumika bure katika nchi nyingi, hutatua vitanzi vyote kwa pamoja kwa njia mpya zaidi. Sheria mbili inazotimiza ni zilezile za kijitabu cha 1936.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1952 Robert C. Goodpasture alikusanya maandishi na hotuba za Cross katika kitabu Engineers and Ivory Towers, kinachohusu zaidi elimu na uamuzi wa mhandisi kuliko hesabu. Mwaka 1958 Taasisi ya Franklin ya Philadelphia ilimpa Nishani ya Frank P. Brown. Cross alifariki mwaka uliofuata, tarehe 11 Februari 1959, huko Virginia Beach, katika jimbo alikozaliwa.